Akina Mama Ishirini Niliowatunga Kisumu Ndogo

Siku yangu ya kwanza kazini niliwatunga wanawake ishirini. Nakiri mapema ili msije mkanisifu bure. Nilikuwa nimetumwa Kisumu Ndogo, kule Kibera, na hojaji ishirini kwenye bahasha. Hojaji ni karatasi ya maswali: unamuuliza mtu, anajibu ukweli wake, wewe unaandika na kuirudisha bila kuikunja. Nilitakiwa kuwafikia wauza omena, wale dagaa wa ziwani, mmoja mmoja. Lakini nilipitia Makina, nikakuta mechi, nikacheza kipindi kizima, kisha nikaketi nyuma ya duka na kalamu tatu, nikazijaza hojaji zote mwenyewe. Kumi kwa mkono wa kulia, kumi kwa wa kushoto, ili miandiko isifanane. Mama mmoja nilimpa miaka ishirini na miwili na watoto tisa. Nilikuwa na haraka.

Sasa nimestaafu, niko kidato cha tatu, na kwa kuwa kuna vijana wa kidato cha kwanza wanaoitamani kazi hii, acha niwaeleze ilivyofanywa enzi zetu, yaani likizo iliyopita.

Mwajiri wangu alikuwa Mtafiti Mkuu. Nyumbani tunamwita Nafula, ni dada yangu, na alikuwa mwaka wa nne akisomea shahada ya saikolojia. Tunaishi Kawangware, upande unaopakana na Riruta, na hapo mtaani watu waliamini saikolojia ni kusoma mawazo ya wenzako. Fundi viatu wa jirani alikuwa akimwona anajifunika uso kwa kofia.

"Nafula, usiniangalie! Leo kichwani niko na mambo yangu!"

"Baba Joy, mimi sisomi mawazo. Nasoma vitabu, na vinanitoa jasho."

Uongo mtupu. Huyo nimemwona akikokotoa takwimu kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga ugali, na ugali haukushika chini.

Ili ahitimu, alihitaji mradi wa mwisho, yaani utafiti wake mwenyewe: jinsi akina mama wachuuzi wanavyobeba msongo wa mawazo. Kawangware alikuwa ameimaliza peke yake. Kibera ilibaki, na mitihani ilikuwa imemkalia kooni. Ndipo alipofanya kosa lake pekee la kitaaluma, la kuniajiri mimi. Mshahara: wiki mbili bila kuosha vyombo.

Niliporudi na bahasha yangu alizisoma zote akiwa amesimama. Nilingoja sifa.

"Brayo, swali la tisa wote wamejibu."

"Si ndiyo poa?"

"Linauliza kama mume anasaidia nyumbani. Huku Kawangware wengi waliliruka. Mmoja aliniuliza kama nimetumwa na mama mkwe wake. Hawa wako ishirini wote wamejibu, na wote waume zao ni malaika. Wanaishi ploti gani, nihamie?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia watu wa kweli huacha mashimo kwenye karatasi, na zangu hazikuwa na shimo hata moja. Heri angenipigia kelele. Badala yake aliniuliza, pole pole, "Ulikuwa unaogopa nini?" Nikasema siogopi kitu. Akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikajikuta nasema niliogopa wale akina mama wangenifukuza kama kuku. Hapo ndipo nilipojua chuo hakikuwa kimempotezea miaka.

Kesho yake alinipeleka kwa Msimamizi, mhadhiri anayesimamia mradi wa mwanafunzi na kuamua kama umeiva.

"Hizo karatasi ungenyamaza nazo, pengine nisingegundua," Msimamizi akasema.

"Najua, Daktari. Ndiyo maana nimekuja kabla sijashawishika."

"Siku ya kuwasilisha ni Ijumaa, na haisogei. Usipoleta, utahitimu na wa mwaka ujao. Na huyu ni nani?"

"Ni ndugu yangu."

"Pole."

Nikashushwa cheo kuwa mbeba bahasha, na tukahamia Kisumu Ndogo kwa siku nne. Wa kwanza alikuwa Mama Achieng, anayepima omena kwa mkebe na kuongea bila kukutazama.

"Watu wa karatasi mmekuja tena? Hizo karatasi zinajaza tumbo la nani?"

Dada akaketi juu ya mtungi wa plastiki akamsomea ridhaa. Hayo ni maneno ya kumwomba mtu ruhusa kabla ya kumuuliza lolote. "Mama, unaweza kukataa. Unaweza pia kuanza halafu uache katikati, na sitakuuliza kwa nini."

"Na nikikataa?"

"Nitasema asante, ninunue omena, niende."

"Haya, uliza. Na wewe mrefu kama nguzo ya stima, chuchumaa, unanizibia wateja!"

Walipofika swali la tisa, Mama Achieng akamtupia jicho jirani yake, akaendelea kupima. Mimi ningerukia swali la kumi. Dada akaweka kalamu chini, akangoja tu, kama mtu asiye na Ijumaa. Jirani alipoenda kuchota maji, Mama Achieng akaanza kusimulia, sauti ya chini, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hiyo usiandike." Dada akafunika kalamu.

Tulipofika mbali nikapayuka. "Siz! Hiyo ndiyo ilikuwa moto kuliko zote! Andika tu, nani atajua?"

"Amesema nisiandike."

"Lakini mradi wako!"

"Mradi ni wangu. Hiyo hadithi ni yake."

Nafasi ya swali la tisa la Mama Achieng iko tupu mpaka leo. Na mimi siwaambii alichosema. Hiyo inaitwa usiri, na ndiyo sehemu pekee ya kazi niliyoifanya vizuri.

Watatu waliacha katikati. Dada aliwashukuru kama waliomaliza, akatafuta wengine watatu. Alhamisi jioni tukafikisha ishirini, Ijumaa akapeleka, na amefaulu. Ndani ya mradi ameeleza wazi kwamba kuna karatasi ishirini alizoziondoa na sababu yake. Wakubwa nimewafanyia kazi: kiranja, kocha, mwalimu wa zamu. Hakuna aliyewahi kunifunza kitu kwa kunyamaza isipokuwa huyu.

Jumapili Mama alikuwa akitafuta karatasi za kuwashia jiko, akaipata bahasha yangu ya kwanza. Mama anauza mitumba hapa Kawangware, na dada hakumhoji kwa sababu mtafiti hahoji wa kwao. Mama akavaa miwani, akaanza kusoma. Nikaungama yote. Akafungua ya pili, ya tatu, ya nne. Ndipo nikaona nilichofanya. Mchuuzi niliyemjua alikuwa mmoja tu, kwa hiyo nilibadilisha umri na watoto, mengine nikanakili: wote ishirini wanaamka saa kumi na nusu, wote goti la kushoto linauma, wote wanaimba kwaya.

Mama akavua miwani.

"Hapa umeandika nalala vizuri. Nani alikuambia? Lete kalamu, keti hapa, uniulize."