Ndoa Yangu Mwaka wa Ambargo

Mwaka ule nchi yetu ilifungwa kama duka. Mwanzoni zilikuwa siku za mji mfu: vijana wanatangaza hakuna kutoka, na kweli hakuna aliyetoka. Halafu wanajeshi wakatwaa serikali, vyama vikanyamazishwa, nchi jirani zikatuwekea vikwazo. Sisi wa mtaa wa Buyenzi tuliviita ambargo. Petroli ikawa ya kunusa tu, na mafundi gari wa mtaa wetu wakakaa juu ya matairi wakicheza karata.

Mimi ambargo niliijua kwa mchumba wangu. Alikuwa amevuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira, ng'ambo ya ziwa, kumuuguza mama yake, njia ikafungwa nyuma yake. Jioni nilikuwa naitazama milima ya ng'ambo ya ziwa, nachagua mmoja wa kujengea nyumba yetu, mpaka mama aniite ndani kabla ya saa ya kutotoka nje. Nilikuwa mtu wa kufurahi, hata hivyo. Milima haikatazwi kuangaliwa.

Siku moja muuza petroli ya magendo akaleta salamu zake: ndoa ifungwe, na baba yake mdogo anayekaa Buyenzi aipokee kwa niaba yake. Dini yetu inaruhusu wakala. Kwangu hilo ndilo lilikuwa kila kitu, maana baba alishasema msichana asiyeolewa hatavuka Gatumba, hata barabara ikifunguliwa. Mke wa mtu angeweza kumfuata mume wake.

"Mi siwezi kuoza mutoto kwa mutu ambaye simuoni," mama alinung'unika.

"Wifi, yule kijana ulimuona mwaka mzima akimaliza chai yako," shangazi akamjibu. "Leo umemusahau?"

Basi ikapangwa asubuhi, watu wapate kurudi makwao mapema. Mimi chumbani na wanawake, hina mikononi. Sebuleni baba ameshikana mkono na wakala, shehe pembeni. Nilimsikia baba akitamka kwamba ameniozesha. Nikafumba macho nisikie jibu.

Jibu halikuja. Zilikuja kelele kutoka barabarani, za watu wengi kwa pamoja.

Mwaka ule kelele za namna hiyo zilikuwa na maana moja tu: kimbia. Kila nyumba ilikuwa na furushi lake la kukimbia nalo, tayari mlangoni. Mama alibeba furushi, shangazi akabeba sufuria ya pilau, mimi nikavutwa mkono hadi nyuma ya choo. Wageni waliruka ua kama mbuzi. Tukiwa tumejibana pale, tukamsikia jirani yetu anapiga debe na kulia:

"Medali! Medali ya dhahabu! Redio imesema!"

Kijana wa nchi yetu alikuwa ameshinda mbio za Olimpiki huko Amerika. Watu ambao jana walikuwa wanaogopana walikuwa wanakumbatiana. Shangazi alitua sufuria akacheza palepale.

Lakini wakala, yule baba mdogo, hakuonekana. Sebuleni baba alikuwa amesimama peke yake, na mimi nilikuwa nusu mke. Bibi harusi hatoki chumbani, hilo nalijua. Nilijitupia kanga kichwani nikatoka. Nilimkuta gereji ya jirani, amelala chini ya lori.

"Baba mudogo, toka, tafadhali. Ni mbio tu."

"Mbio za nani?"

"Za kijana wetu, huko Amerika."

"Anamukimbia nani?"

"Hamukimbii mutu. Anakimbia tu."

Alijivuta ndani zaidi. "Apana, mutoto wangu. Mutu hakimbii tu."

Alikuwa amejibana huko chini mpaka kofia imejaa grisi. Moyo uliniuma nikasahau haraka yangu. Niliketi chini na nguo zangu za harusi, nikamshika mkono, hina ikamchafua, tukasikiliza pamoja mpaka zile kelele zikageuka ngoma masikioni mwake. Hapo ndipo alipotoka.

Shehe aliamuru tuanze upya. Baba akatamka, na safari hii jibu lilikuja: "Nimekubali." Vigelegele vyangu na vya yule mkimbiaji vilichanganyika, sikujua kipi cha nani.

Pilau ilipoliwa nilifunga nguo zangu, nikaenda kwa baba kumuaga.

"Baba, sasa mi ni muke wa mutu."

"Kweli. Mi sina amri tena juu yako." Aliangalia mlango. "Amri iko kwa yule mwenye bunduki, pale bariyeri ya Gatumba. Muulize."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ametuma mtu tangu asubuhi kuangalia njia, na mtu huyo alikuwa amerudi akitikisa kichwa.

Usiku nililala kitanda kilekile na wadogo zangu, mke wa mtu katikati yao. Walitaka kujua kama yule mkimbiaji angeweza kufika Uvira kwa mbio. Niliwaambia angeweza, tena mapema sana, ila pale kwenye bariyeri wangemsimamisha wamuombe karatasi. Walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikawageuzia mgongo, nikaangalia ukuta.