Kumwonea Wivu Mfiwa

Tuliambiwa anakuja muuguzi kutoka Australia, nasi tukangoja mzungu. Akaingia dada mweusi kuliko mimi. Nikamkaribisha kwa Kiswahili, nikidhani ni mwenzetu. Akacheka, hakuelewa hata neno. Alikuwa wa wale wenyeji wa asili wa Australia, waliokuwako kabla ya wazungu.

Najijua, nina roho ya korosho. Sote wawili tulisafisha damu za wagonjwa wa figo kwa mashine zile zile pale Doha, lakini mshahara ulifuata pasipoti. Yeye aliajiriwa na hospitali yenyewe, akapewa nyumba na gari. Mimi niliajiriwa kupitia wakala, nikawa naletwa na basi kutoka Al Wakrah, nje ya mji, ambako tulibanana sita chumba kimoja. Nilimwonea kijicho mpaka viatu vyake.

Siku moja, wakati wa chai, akaniambia mama yake naye alikuwa akisafishwa damu kwa mashine. Kijijini kwao jangwani haikuwapo hata moja, hivyo kwa miaka mingi mama aliishi mjini, mbali na ardhi yake, kama wengi wa kwao. Figo huwaharibikia mapema. Sasa mama alikuwa amekataa mashine, amerudi kwao kufa.

"Nikimkuta hai, inatosha," alisema.

Kule mgeni hakutoka nchini bila kibali cha mwajiri; chake kilitiwa saini siku ile ile. Nikamsindikiza hadi kwenye gari, nikamtakia safari njema huku nachemka moyoni. Mwaka uliotangulia, mama yangu alipozidiwa kule Tanga, kibali changu kililala mezani kwa wakala mpaka akazikwa. Mazishi niliyasikiliza kwa simu.

Aliporudi nikampa pole kama inavyopasa. Akasema alimkuta. Walikaa mchangani kwao, mama kamlalia mapajani, mpaka roho ikatoka. Wivu ulinikaba, jamani, na mtu mwenyewe mfiwa.

"Wewe angalau ulimzika," nikamwambia kwa ukali. "Mimi wangu sikumwona."

"Alikuwa na umri gani?"

"Themanini na moja. Mpaka mwaka wake wa mwisho alikuwa akilima mihogo."

"Wangu hakufika hamsini na tano," alisema. "Na ndiye aliyeishi sana kuliko ndugu zake wote."

Akavaa glavu, akaenda kwa mgonjwa wake bila kunipa pole. Alinionea wivu, nami nikaona ana haki.