Ntumba za Darasa la Sita

Nilipoondoka Ufipa nikiwa kijana wa kupakia maharage kwenye malori, mjomba aliwaambia watu kwamba sitaweza hata kumaliza kidato cha pili. Nilimaliza cha nne kwa masomo ya jioni kule Mbeya, nikaenda chuo, nikarudi na stashahada ya ualimu. Niseme wazi: katika shule ile ya msingi nje kidogo ya Sumbawanga, hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa na cheti.

Hapo maneno yakabadilika. Kusoma amesoma, wakasema, lakini hataweza kufundisha watoto wetu wakafaulu.

Nilipewa darasa la sita. Muhtasari ulitaka mada ya mbolea ifundishwe kwa wiki moja: maana yake, aina zake, faida zake, watoto wanakili, tunaendelea. Mimi niliwauliza swali moja tu. Kwa nini mama zenu hufukia nyasi chini ya udongo, wakafanya ntumba, yale matuta ya mviringo mnayoyaruka mkija shule? Wakacheka. Walikuwa wamezaliwa kati ya ntumba.

Nikaamua tufanye zetu nyuma ya madarasa, wakati mvua za Machi bado zinanyesha na nyasi ni mbichi. Majembe yalikuwa taabu. Ya shule yalikuwa yamebaki mipini, na wazazi wa miaka ile hawakutaka mtoto abebe jembe. "Siku hizi wanakwenda kusoma, siyo kulima," waliniambia. Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiazima kwa dhamana yangu mwenyewe.

"Ukilipoteza, utalima kwa meno," alisema bibi mmoja jirani wa shule, akinikabidhi lake.

Tulifukia nyasi, tukasubiri. Juni, baridi ilipokaza, niliwapeleka asubuhi wakachimbe kidogo pembeni na kuingiza mikono. Kelele ilizuka. Ndani kulikuwa na joto! Mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani alisema ni kama samadi ya zizi la kwao. Wa Kifipa wakabisha, akabisha, wakageukia kwangu. Niliwaambia jibu watalipata mvua za Novemba, tutakapozibomoa. Walimu wachache nchi hii wamewahi kusikia darasa likibishana vile kuhusu nyasi, na mimi ni mmoja wao.

Lakini katika azimio la kazi, safu ya mada ya mbolea ilibaki bila alama ya kukamilika. Agosti mwalimu mkuu akaniita.

"Mwalimu, umepanda mbolea au umepanda mti? Tangu Machi!"

"Mada nyingine nimefundisha, mkuu. Hii haijaiva."

"Haijaiva? Hii ni ugali? Weka alama, tuendelee."

"Siweki alama kwa kitu ambacho hawajakiona."

"Basi na darasa utaliona dirishani."

Darasa akapewa mwalimu mwenzangu aliyetoka Mbeya, kijana hodari wa tuisheni, mwenye maswali ya mitihani iliyopita kwenye mfuko wa koti. Mimi nikapelekwa darasa la kwanza. Ofisini mazungumzo yalikatika nilipoingia, na jioni nilirudi kwenye nyumba ya mwalimu ambayo upepo ulipita chini ya mlango kama mwenyeji. Nilizungumza na redio.

Mvua za Novemba zilipoanza, nilikwenda nyuma ya madarasa peke yangu. Ntumba zisiposambazwa ni aibu, hata kwa mwenye stashahada. Niliomba darasa la sita japo kwa kipindi kimoja, nikakataliwa. Kwa hiyo nilibomoa moja baada ya nyingine, udongo mweusi ukimwagika bila unyasi hata mmoja, huku dirishani wakiimba kwa pamoja, "Mbolea ni kitu chochote kinachoongezwa..." Waliimba vizuri. Wachache walinitazama, kisha ubaoni.

Nilipomaliza niliyaosha majembe, nikayanoa, na siku ileile nikamrudishia kila aliyeniazima. Hakuna aliyepoteza kitu kwangu.

Bibi jirani nilimfikia mwisho. Alipitisha kidole kwenye makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umelima peke yako?"

"Peke yangu."

"Na watoto wako?"

"Wamemaliza muhtasari."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi umeelewa wewe tu, mwalimu."

Nilimjibu kwamba mimi nilielewa zamani, ndiyo maana nikasomea. Akasema sawa, baba, karibu ndani, uji upo motoni. Nilimshukuru nikakataa, maana mtu wa hadhi yangu hali jikoni kwa watu. Nikavuka uwanja wa shule mikono mitupu, nikaenda kuwasha moto wangu.