Mate Mekundu ya Mchana

Nilimwita mama yangu kobe, na nilikuwa na hasira ya mtu anayejiona ana haki. Kwetu kobe ni mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha, na mwezi ule hakuna tusi linalouma kama hilo. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nyumbani Jang'ombe tulikuwa wawili tu: yeye mjane, na mimi binti yake wa pekee, miaka kumi na tisa, mwenye ulimi uliokuwa ukitangulia akili.

Mama alikuwa mtu wa kutafuna tambuu. Tangu nipate fahamu, kazi yangu ilikuwa kumkatia popoo, kumpakia chokaa kwenye jani, na kumuoshea kopo lake la kutemea. Mate yake yalikuwa mekundu siku zote, na wekundu ule niliuzoea kama rangi ya mlango wetu. Fizi zikimuuma alibana karafuu kwenye jino, maumivu yakaisha. Akicheka alifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nilidhani ni staha, kumbe alikuwa akificha harufu.

Tangu mwezi wa Rajabu alikuwa na homa. Ilikuja jioni, ikamtoa jasho, alfajiri ikaondoka. Alimeza vidonge vya kwinini hadi masikio yakamvuma. Akachemshiwa mwarobaini, akasomewa. Homa ikarudi vile vile. Mashavu yakabonyea, na akitoka bombani na ndoo ilimbidi asimame, ashike ukuta, ndipo aendelee. Kila asubuhi nilimsikiliza kwanza kama anapumua, kisha ndiyo nikaenda kutawadha. Nilikuwa sina mwengine duniani.

Ramadhani ilipoandama nilimsihi asifunge, kwani mgonjwa ameruhusiwa. Alikataa.

"Homa hii nshaizoea," alisema. "Saumu yangu niachie."

Mwezi ulipofika katikati, siku moja baada ya adhuhuri, nilikuta lile kopo limesukumwa nyuma ya mlango wa uani. Ndani mlikuwa na mate mekundu, bado mabichi. Nimembembeleza ale akanikatalia, halafu ananizunguka kwa tambuu.

"Mama, kama umeshindwa si useme?" nilimwambia. "Kufunga gani huku unatafuna? Umekuwa kobe?"

Alikuwa kwenye jamvi anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini, akaniita kwa kidole.

"Njoo unuse kama kuna tambuu."

Akafungua kinywa chote, mama ambaye hakuwahi kucheka bila kanga. Fizi zilikuwa zimevimba, rangi ya zambarau, zimeachana na meno, na damu ilichuruzika bila kuguswa. Harufu ilinirudisha nyuma.

"Nnatema kwa sababu nkimeza damu saumu yangu imekwenda," alisema. "Na wewe unanambia kobe."

Siku ile ile nilimpeleka hospitali. Daktari, mzee wa Kihindi aliyezungumza polepole, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akataka kuona mdomo. Akamuuliza kama utotoni aliwahi kuvimba viungo. Mama akasema ndiyo, mwaka mzima. Daktari akanivuta pembeni. Aliniambia kuwa fizi mbovu ni kidonda kilicho wazi. Uchafu wake huingia katika damu na kutembea nayo, na moyo wa mama, uliokwisha kuumizwa na yale maradhi ya utotoni, ndio uchafu huo ulioukalia. Homa yote ile ilitoka kinywani.

"Fizi zimeanza kutoka damu lini?" aliniuliza.

Mimi niliyeosha kopo miaka yote sikuwahi kutofautisha damu na tambuu.

Wakamchoma sindano asubuhi na jioni, hadi hapakuwa na pahala pa kuchoma. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda nikimwomba Mungu bila mpangilio, nikamwahidi kila kitu, hata ulimi wangu. Homa haikusikia. Daktari aliamuru mama ale, na uji wa kwanza nilimnywesha mimi kwa kijiko, mchana kweupe. Alimeza, akanitazama.

"Haya," alisema. "Sasa ndo nshakuwa kobe wako."

Akacheka, na hakufunika mdomo. Nililia mbele ya wodi nzima, nikamwomba radhi. Akasema radhi alishanipa zamani, ila siku zake za kula nisizisahau, asije akaenda nazo kaburini.

Alifariki siku mbili kabla ya Idi. Siku alizokula zilikuwa kumi na moja, na nilimfungia zote, mwezi wa Shawali. Kila adhuhuri nilitoka uani, nikatema katika kopo lake, nikainama kutazama. Mate yangu yalikuwa meupe.