Uso Uliopigwa Pasi

Ludmila Kopecká alikuwa na miaka thelathini katika kazi ya kufua na kunyoosha nguo za watu wa Vienna, na hakuna mkunjo uliowahi kumshinda. Alikuja kushindwa na picha.

Dada yake Otilie, mgonjwa kitandani kule Brno, alimwandikia: nitumie sura yako niione. Miaka kumi na minne walikuwa hawajaonana, tangu walipogombania tandiko la manyoya la marehemu mama yao, na Ludmila aliapa hataikanyaga nyumba ya dada yake. Picha ingetosha. Pachl, mchoraji wa ghorofa ya juu ambaye kola zake alizifua, akakubali kumchora.

Jumapili saba alikaa kitini, mgongo unamuuma, huku yule bwana akibandika rangi nzito kama siagi na kuikwaruza kwa mpini wa brashi. Na matokeo yake? Mashavu mabonde, paji la uso matuta matupu.

"Bwana Pachl, hii ni sura au shamba lililolimwa?"

"Ni wewe, Mama Kopecká."

"Mimi nimekuwa hivi lini?"

"Tangu nikujue."

Ludmila alishuka nayo ngazi akinung'unika. Mtu mzima, kulainisha rangi tu hajui! Otilie akiona hivi atasema Vienna imemmaliza mdogo wake. Akasubiri wiki tatu ikauke juu juu, kisha akafanya alichokijua: akailaza mezani, akaifunika kitambaa chenye unyevu, akapitisha pasi polepole. Matuta yakalala, mengine yakaondoka na kitambaa. Uso uliobaki ulikuwa laini, hauna kasoro, naye akautuma Brno moyo umetulia.

Jibu lilikuja kwa mwandiko wa kutetemeka. "Mwanamke mzuri. Ni nani? Mimi nilimtaka Ludmila, na siku zangu zimekwisha."

Ludmila alipanda ngazi kwa hasira, hajui amkasirikie nani, akajibwaga kitini kwa Pachl.

"Nichore tena. Makunyanzi yote. Leo hii."

"Kuchora nitachora. Lakini rangi nzito haikauki kabla ya miezi sita."

"Miezi sita hana. Itakwenda mbichi. Nitapanda nayo treni, niishike mwenyewe mpaka kitandani kwake."

Pachl aliweka brashi chini. Alikuwa amechoka kulaumiwa.

"Mama, kama unakwenda mwenyewe, picha ya nini?"

Ludmila aliinuka kitini. Akaenda kutafuta koti lake.