Siku Niliyozoa Majivu ya Mama Hoza

Chekeni tu, mimi nimeshazoea. Siku hizi nikitoka nyumbani kwenda saluni sipiti ile njia ya juu ya mtaani kwetu, nazunguka huku chini kwenye mashamba ya kabichi, nafika kazini nimelowa umande mpaka magotini, na mteja akiniuliza namwambia ni mazoezi. Mazoezi gani, jamani? Ni aibu tu, maana kwenye ile njia ya juu hakuna mtu mzima ambaye hajaniona na boksa.

Mimi ni kinyozi, mzaliwa wa Temeke. Nilikuja Lushoto rafiki yangu aliponiachia saluni yake, nikaja na mke wangu Zuhura akiwa mjamzito, tukapanga kijumba kimoja pale mlimani, ukuta wa nyuma unatazama migomba. Sasa Temeke nilikokulia, mtu usiyemjua akikuchangamkia sana unashika simu yako kwanza halafu ndio unaitikia. Huku watu wanakusalimia kuanzia mbali, wanakuuliza umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, mkeo tumbo linaendeleaje, mpaka nikawa najiuliza hawa watu wanataka nini kwangu.

Aliyenitisha zaidi ni jirani wa ukuta kwa ukuta, Mama Hoza, mama mtu mzima, mjane, anaishi peke yake. Siku ya kwanza tu tumeshusha godoro, huyo kaleta bakuli la makande. Bure! Nikamwambia Zuhura asiguse, tukawamwagia kuku wa watu. Kuku hawakufa (niliwafuatilia), lakini nikasema labda kitu cha kumpata binadamu hakishiki kwa kuku.

Kisha akazaliwa mwanetu, Nasri. Mama Hoza akaja kumwona, akampakata, akamwombea, mambo mazuri kabisa, halafu wakati anaaga akauliza, "Na huyu bwana mdogo mnamlaza chumba kipi?" Zuhura akamwambia cha nyuma. "Kitanda mmekiegemeza ukutani?" Ndiyo. "Ukuta wa upande gani, wa migombani?"

Nyie! Mtu anataka ramani ya kitanda cha mtoto wangu ya nini? Kesho yake nikawasimulia wateja saluni, na mnajua saluni tena, hakuna aliyeniambia nenda kamuulize. Mmoja akatikisa kichwa na povu lake kidevuni akasema, "Kinyozi, huku milimani usichukulie mambo kirahisi."

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulionimaliza. Nilimwambia Zuhura, kuanzia leo huyu mama akibisha hodi, sisi hatupo. Zuhura akasema, "Baba Nasri, si umuulize tu?" Nikamwambia mchawi haulizwi. Na kweli akaja, tena zaidi ya mara moja, anapiga hodi, anaita "Mama Nasri! Baba Nasri! Nina neno kidogo," na sisi tumejibana nyuma ya pazia kama wezi ndani ya nyumba tunayolipia kodi wenyewe. Siku moja Nasri akaanza kulia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, Zuhura anahangaika kumziba na ziwa, na nje hodi ikakatika, tukasikia kandambili za Mama Hoza zinaondoka. Aibu ya siku ile ilitosha kunishtua, lakini wapi.

Mvua za masika zikaanza. Asubuhi moja nikatoka kwenda chooni, nikakuta mstari wa majivu. Mnene, umenyooka, umeanzia kwenye kona ya nyumba, umepita chini ya dirisha la chumba cha mtoto, umezunguka mpaka mlango wa jikoni. Nikachungulia kwa jirani, nikamwona Mama Hoza anaingia kwake na sufuria bovu na kipande cha bati, ana majivu mpaka kwenye viwiko.

Sikuongea naye. Nilikwenda moja kwa moja kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kaniki, nikamwambia nataka kikao, leo leo, mbele ya watu wote, nimemkamata mtu. Mzee akaniuliza, "Umeongea na mwenyewe kwanza?" Nikamwambia mzee, haya si ya kuongea, haya ni ya ushahidi. Na ili ushahidi usipotee, nilirudi nyumbani nikachukua ufagio na ndoo ya rangi, nikayazoa yale majivu yote. Yote! Nilifagia kwa umakini ambao Zuhura hajawahi kuuona kwangu tangu anioe (eh, mimi ndio nilimwoa, mmeona nilivyovurugwa).

Jioni, baada ya alasiri, watu wakakusanyika uani kwetu. Zuhura alikuwa ameshuka stendi kumpokea mama yake, mama mkwe wangu, aliyekuwa anakuja toka Dar kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza. Nasri alikuwa amelala chumbani kwake, nimemfungia mlango asipate baridi. Mimi nimesimama chini ya dirisha lake, ukuta mgongoni, ndoo mkononi, na suruali yangu ya kitambaa niliyooa nayo, maana nilitaka nionekane mtu makini.

Nikaanza. Jamani niliongea! Nilieleza makande, nikaeleza maswali ya kitanda, nikainua ndoo nikawaonyesha. Watu wakawa wanatazamana. Wengine wananong'ona kwa Kishambaa, na mimi najua wameshituka kwa uzito wa ushahidi. Mama Hoza kasimama mbele yangu, kajitanda kanga, hanitazami usoni hata kidogo, anatazama chini, nyuma ya miguu yangu.

"Mnamwona?" nikasema. "Anashindwa hata kuinua macho!"

Akauliza taratibu, "Baba, majivu umeyatoa yote?"

"Yote! Sijabakiza hata chembe!"

"Mtoto yuko wapi?"

"Mmesikia? Mmesikia wenyewe? Anamuuliza mtoto tena, mbele yenu!"

Mama Hoza alinipita mbio kwenda mlangoni. Mama wa umri ule, sikujua kama ana mbio. Nikamdaka kanga nimzuie, akaniachia kanga mkononi, akapiga mlango kwa bega, akaingia. Mimi nikapiga ukunga, "Mwanangu! Mshikeni!" na hakuna hata mmoja aliyesogea kumshika, wote walikuwa wamerudi nyuma wananionyesha miguuni kwangu.

Hapo ndipo siafu wa kwanza aliponiuma, na wenzake hawakuchelewa.

Kama hujawahi kupandwa na siafu sikiliza. Hawaumi wakati wanapanda. Wanapanda kimya kimya, wanajipanga, mguu huu na mguu ule, mpaka mapajani na zaidi ya mapajani (kuna watoto hapa, sisemi), halafu wanauma kwa pamoja. Niliruka. Ndoo ikaruka nayo, majivu yakanimwagikia kichwani. Nikasahau kikao, nikasahau balozi, nikafungua mkanda, nikavua ile suruali ya harusi nikabaki na boksa, nayo ina tundu nyuma, najipiga makofi mapajani huku nazunguka uani mbele ya mtaa mzima.

Na katika kuzunguka ndipo nikamwona mama mkwe. Kasimama pale njiani na begi lake, Zuhura kando yake kashika mdomo.

Nikasema, "Shikamoo mama."

Sijui nilifikiria nini. Mama wa watu akavuta mtandio akajifunika uso, akageuka akatazama mlima.

Ndipo Mama Hoza akatoka. Kambeba Nasri juu juu, kamvua nguo zote, anamkung'uta, anamtoa siafu mmoja mmoja kwa vidole, na mikono yake mwenyewe imejaa siafu wananing'inia, wala hajishughulishi nao. Mtoto analia kwa nguvu zake zote, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Walikuwa wamemfika miguuni tu. Walishapanda kitanda, kwa ule ule ukuta wa migombani, wakapita pale pale nilipofagia. Kama yule mama angenisubiri nimalize hotuba yangu, mimi leo nisingekuwa na mkasa wa kuwachekesha, ningekuwa na msiba.

Watu wakatawanyika, nikajua wananisusa, kumbe kila mmoja kakimbilia jikoni kwake. Wakarudi na majivu kwenye masufuria, kwenye ndoo, mwingine kwenye beseni la kuogea, wakamwaga kuizunguka nyumba yote, mpaka lile jeshi likageuka likaelekea migombani. Watu wale wale niliowaita waje kumhukumu mwenzao. Mmoja akanieleza huku anamwaga, kwamba kila masika siafu hupita ukuta ule, na kila mpangaji anayekuja Mama Hoza huenda kumwambia. "Wewe tu ndio hukufungua mlango," akasema.

Mzee Kaniki, ambaye ni mtu wa utaratibu, hakuwa ameondoka kwenye kiti chake. Akakohoa. "Kikao hakijafungwa. Mlalamikaji una la kuongeza?"

"Sina, mzee."

"Mlalamikiwa?"

Mama Hoza alikuwa amekaa kibarazani, Nasri kifuani kwake ametulia, mikono imeshaanza kuvimba. Nikamsogelea, machozi yananitoka, sifichi, nikapiga magoti kwenye matope nikaanza, "Mama, naomba unisamehe, mimi..." Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akaugeuza uso wa mtoto upande wa pili.

"Nitakusamehe, baba. Kavae kwanza."

Mtaa ulicheka mpaka balozi akafunga kikao bila kujua. Muda wote mama mkwe alipokuwa kwetu, kila nilipoingia sebuleni alikumbuka kitu jikoni. Nasri ndio hivyo tena, hana bibi anayemlilia zaidi ya Mama Hoza.

Mimi sitawadanganya kwamba nimeacha kushuku watu. Siwezi, nitakuwa mwongo, juzi tu jirani mwingine kaniletea maparachichi nikayageuza geuza kwanza. Nilichoapa ni hiki: nikimshuku mtu, nitamfuata mwenyewe nyumbani kwake, bila balozi, bila mashahidi, nimpe shikamoo yake na nimuulize. Na akiniambia ndiyo, mimi ni mchawi, basi nitakimbia, lakini nitakimbia na suruali yangu mwilini.