Umefunga, Bi Zuhura?

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mtambo wowote. Niliajiriwa fundi msaidizi wa vyombo vya maonyesho, skrini na vipaza sauti, katika ofisi moja ya serikali Mji Mkongwe. Mkuu wa Mitambo, mzee wa Mtoni aliyevaa koti hata mwezi wa joto, akanituma nizunguke vyumba vyote kuandika soketi zipi zina umeme, zipi zimekufa na zipi zinatoa cheche. Nilinuna. Nilikuwa na cheti changu mkobani, halafu naambiwa nichungulie matundu ya ukutani. Kabla ya kutoka kazini aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu, akasema, "Kwanza umeme, halafu picha, mwisho sauti. Ukianza na picha utaadhirika mbele za watu." Nikaitikia naam, na moyoni nikamwona ana maneno mengi.

Baadaye nikahamishiwa Kizimbani, kwenye mafunzo ya wakulima wa viungo, na huko ndiko nilikokutana na laptop. Zilikuwa nene na nzito, betri yake unaichomoa kwa chini na kutia nyingine. Kila kitu kilikuwa na tundu lake. Chaja iliingia kwenye tundu la duara, na waya wa skrini ulikuwa mpana, wenye skurubu mbili za kukazia na vijiti vidogo vya chuma ndani. Kimoja kikipinda, picha yote inageuka manjano. Mkuu wa Kituo, mwanamke asiyependa kusubiri, aliniuliza kila asubuhi, "Zuhura, ushafunga?" Alikuwa na maana ya kama nimeshaunganisha skrini. Kwetu mafundi kufunga ni kukiweka chombo mahali pake kikafanya kazi, kiwe feni, taa au skrini. Nililizoea neno lile hata nikasahau kwamba lina maana nyingine.

Nilimalizia utumishi wangu hospitalini, moja ya hospitali za mjini, sitaitaja jina. Huko nikazikuta laptop za siku hizi, nyembamba, zenye tundu moja tu. Chaja inaingia hapo hapo, na waya wa skrini unaingia hapo hapo. Ukitaka picha kwenye skrini kubwa, unachomoa chaja. Ukitaka kuchaji, unachomoa picha. Dawa yake ni kijisanduku chenye matundu mengi, sisi tulikiita pweza. Mkia wake unaingia kwenye laptop, kisha skrini na chaja zote zinachomekwa kwake. Lakini chaja lazima iwe ya laptop yenyewe, yenye nguvu. Ya simu nayo inaingia, na alama ya kuchaji itatokea, kumbe laptop inatumia umeme mwingi kuliko inaopewa, na betri inazidi kushuka. Ndiyo maana nilitaka kila daktari aniletee laptop yake saa nzima kabla ya kikao. Niliijaribu, nikaichaji, na aliyechelewa nilimsema bila kujali cheo chake.

Mwezi mmoja wa Ramadhani tulikuwa na kikao cha video na mabingwa wa upasuaji walio nje ya nchi. Walikubali kuchukua wagonjwa wachache bila malipo, na kwetu ilibaki nafasi moja. Daktari Khelef aliitaka nafasi hiyo kwa Bi Mwatumu, mkulima wa mwani wa Jambiani, aliyekuwa na uvimbe kichwani unaoukandamiza mshipa wa macho. Jicho la kulia lilikuwa linafifia kila wiki. Picha za kichwa chake zilikuwa kwenye laptop ya daktari, na kikao kilikuwa saa nane mchana. Tulipewa nusu saa. Jopo la madaktari wetu lilipaswa kuziona kwenye skrini kubwa pamoja na mabingwa wale, wakubaliane papo hapo.

Daktari Khelef ndiye aliyekuwa akinitibu sukari, na mwaka ule alinikataza kufunga saumu. Sikumsikia. Nimefunga tangu utotoni, sikuona kijana wa juzi wa kunizuia.

Saa sita akanipigia simu. Nilikuwa nimekaa chumba cha mikutano, kichwa chepesi, mikono ina baridi.

"Bi Zuhura, umefunga?"

Nikajua keshanigundua. Nikajikaza, nikamjibu kwa ukali kidogo, "Nimefunga, daktari, na kila kitu salama."

"Alhamdulillahi. Basi mimi nnabaki wodini, nnakuja saa nane kasoro dakika tano."

Nikakata simu nikiwa nimefurahi kwamba hakunigombeza. Nikaswali, nikajilaza kwenye kiti. Saa saba ikafika, laptop haijaletwa. Siku nyingine yoyote ningempigia na kumpa maneno yake. Siku ile sikupiga. Niliogopa ataniuliza tena habari ya saumu, aisikie sauti yangu ilivyolegea. Nikajiambia wagonjwa wamemshika, atakuja.

Akaja wakati aliousema, laptop mkononi, jopo likimfuata nyuma. Akaitazama meza. Skrini ilikuwepo, waya wake umening'inia, na pweza alikuwa bado kwenye droo.

"Mbona hapana kitu? Si ulinambia ushafunga?"

"Nimefunga saumu, daktari."

Alinitazama, nami nikamtazama. Nimeshaadhirika mara nyingi katika kazi hii, lakini sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Chaja yake ilikuwa nyumbani Kikwajuni. Alikuwa amepanga kuiendea mchana, lakini alipolisikia jibu langu akaona hakuna haja, Bi Zuhura ameshatayarisha kila kitu, hata chaja. Laptop ilikuwa na asilimia kumi na nne.

Nikamtoa pweza, nikachomeka skrini. Chaja yangu ya ofisini ilikuwa ya zamani, ya tundu la duara, haikufaa. Mfamasia mmoja akatoa chaja ya simu yake. Nikaichomeka, alama ya kuchaji ikatokea, jopo likashusha pumzi. Mimi sikushusha. Nikapunguza mwanga, nikafunga programu zote zisizohitajika, na mara mbili nikabonyeza kitufe sicho. Sijui mpaka leo kama ni sukari au ni hofu.

Mabingwa wakatokea kwenye skrini. Salamu, majina, historia ya ugonjwa. Asilimia kumi. Nikamnong'oneza daktari aende kwenye picha moja kwa moja. Akafungua ya kwanza, ya pili. Asilimia saba. Bingwa mkuu, mwanamke mwenye miwani, akasema anaona nafasi ya kupita bila kugusa mshipa, lakini anataka kuona picha za upande wa chini kabla ya kutamka neno. Daktari akazitafuta, na zilikuwa nyingi. Nilitaka kuchomoa skrini kubwa ili kuokoa chaji, lakini jopo lisingeona kitu. Nikaiacha. Asilimia nne. Picha aliyoitaka ikaanza kufunguka kutoka juu, ikafika nusu.

Ikazima.

Laptop iliyokwisha kabisa haiwaki pale pale kwa chaja ya simu. Lazima inywe kwanza. Tuliisubiri. Ilipowaka, nusu saa yetu ilikuwa imekwisha, na mabingwa walikuwa wameshahamia kwa wenzetu wa nchi nyingine. Nafasi ile wakapewa wao.

Mkuu wa Kitengo akataka taarifa ya maandishi. Nikaandika: hitilafu ya chaji. Daktari Khelef akaisoma, akatia saini bila kuniangalia. Ile chaja aliiacha yeye, na yale majibu niliyatoa mimi, na hapana kati yetu aliyetaka kuyaandika. Tokea siku hiyo nikalipiga marufuku neno kufunga kwa mafundi wenzangu. Mtu aseme kuunganisha, au aseme kuzima. Walinicheka, wakadhani ni ukali wa uzee.

Zamu yetu ilirudi baada ya miezi. Bi Mwatumu akapasuliwa, akapona, lakini jicho la kulia lilikuwa limeshakwenda.

Sasa nimestaafu. Vijana wa mtaani huniletea laptop zao, na mimi huwauliza chaja iko wapi kabla sijawakaribisha. Wananiona mkorofi. Kazi yangu naipenda bado, sitasema uongo, na ningeambiwa nianze tena ningeanza. Lakini kila nikiwaeleza habari za pweza na chaja, kuna jambo moja nililokuwa nikiliruka, na kuliruka kukaanza kunichosha.

Mwaka huu, baada ya Idi, nikaenda Jambiani. Nilimkuta Bi Mwatumu barazani anafunga kamba za mwani. Nilikaa karibu yake, nikamwambia mimi ni nani, nikamweleza yote: simu ya saa sita, jibu langu, saa saba niliyoiacha ipite kwa kumwogopa daktari, na taarifa niliyoiandika. Sikuomba radhi mpaka nilipomaliza, kwa sababu nilitaka ajue kwanza anasamehe nini.

Bi Mwatumu alikaza fundo moja, akakaza la pili, akaitia kamba kapuni. Uso wake ulikuwa unatazama uani.

"Umekaa upande wangu wa kulia," akasema. "Hamia huku, Bi Zuhura, nikuone."

Nikanyanyuka, nikahamia.